Niliyoyasikia Kwenye Simu ya Mbeya

Nataka nianze kwa kujisifu, maana nikianza na jambo lenyewe nitaishia njiani. Nilikuwa fundi hodari. Katikati ya miaka ya sabini idara yetu ilikuwa na teleprinta mbili tu huku nyanda za juu, moja Iringa mjini katika ofisi yetu, nyingine Mbeya, na zote mbili nilizitunza mimi peke yangu. Kwa asiyezijua, teleprinta ni kama taipureta kubwa yenye mota ndani. Ukibonyeza A ukiwa Iringa, ile ya Mbeya inajipiga A yenyewe kwenye karatasi, kama kuna mtu asiyeonekana amekaa mezani. Kwa mashine hizo tulipelekeana habari za mbolea: lori lipi limepita Nyololo, lipi limekwama Chimala, ghala gani limebaki tupu.

Juzijuzi mtaalamu mmoja wa kompyuta alinieleza kwamba yeye akiwa hapahapa Iringa anaingia ndani ya kompyuta iliyoko Mbeya, anakiona kioo chake, anaitengeneza, anatoka. Akanitajia na programu tatu za kazi hiyo, ipi inakwama, ipi inalinda siri, ipi haifai mtandao ukiwa dhaifu. Nikamwambia sisi tulifanya hivyohivyo, tena bila kioo. Akataka nimsimulie. Nikamsimulia nusu, akacheka sana. Nusu iliyobaki ndiyo hii.

Mafuta ya Landrova yalitolewa kwa kibali, na kibali kilitoka kwa mtu ambaye siku zote alikuwa safarini kwa Landrova hiyohiyo. Kwa hiyo mashine ya Mbeya ikiugua, niliitibu nikiwa Iringa, kwa kumwelekeza aliyekuwa nayo. Njia zilikuwa tatu, na kila moja nilikuwa na maneno nayo.

Ya kwanza simu ya upepo, yaani ya redio. Unabonyeza kitufe unasema, unaachia unasikiliza. Mvua haiisumbui sana, lakini faragha hakuna. Ukimwambia mtu wa Mbeya alegeze skrubu ya chini, Njombe wanacheka, Sumbawanga wanauliza skrubu gani hiyo. Na ubaya wake mkubwa, mwenzio akiachia kitufe humsikii tena. Husikii mashine inalia vipi, husikii kama amekosea akanyamaza.

Ya pili ni teleprinta yenyewe. Hiyo ndiyo ilikuwa safi kuliko zote, kila neno linabaki kwenye karatasi na saa yake, huwezi kulikana. Lakini mganga hajigangi. Ikiugua, na maneno yake yanaugua.

Ya tatu ilikuwa simu ya mezani. Unaomba kwa opereta, unasubiri saa nzima, ukiunganishwa una dakika tatu, na moja inaliwa na salamu. Huku kwetu huwezi kumrukia mtu na skrubu hujamuuliza ameamkaje, watoto hawajambo, wagonjwa wanaendeleaje. Wakubwa waliwahi kuandika waraka tupunguze salamu. Tukapunguza wagonjwa, watoto tukawabakiza. Lakini simu ya mezani ilikuwa na uzuri wake, waya ukishaunganishwa unasikia chumba kizima, mota, kiti, mlango, mtu akipiga chafya. Niliandika ripoti ndefu nikawashauri wakubwa kwamba kwa matengenezo ya mbali simu ya mezani ishike nafasi ya kwanza, kwa kuwa fundi anaisikia mashine kwa masikio yake. Wakakubali. Sikuandika kwamba simu haiachi karatasi. Wakati huo nilikuwa sijaiona faida yake.

Mikono yangu ya Mbeya ilikuwa ya dada mmoja wa Kinyakyusa, mpiga teleprinta. Nilimfundisha wiki nzima mashine ilipoletwa. Siku ya pili aliniuliza mke wangu kabila gani. Mimi Mhehe, nyumbani kwangu Kihesa, lakini mke ni Mnyakyusa, nilimtoa Tukuyu, nikamwambia hivyo. "Basi wewe ni shemeji yangu," akasema, na tangu siku hiyo hakuniita fundi tena.

Alikuwa anajua kusikiliza. Nilikuwa nikimuuliza mota inaliaje, ananiambia, "Shemeji, inalia kama mahindi makavu kwenye kikaango, halafu inatulia, halafu tena." Kwa maneno hayo najua ni brashi za mota zimekwisha. Mafundi wenzangu waliosoma chuo hawakuweza kunieleza hivyo. Kazi ile aliipenda, na aliishikilia kwa meno. Upande wa mumewe hawakuona maana ya mwanamke kukaa na mashine mjini wakati migomba na chai vinahitaji mikono kule Rungwe. Mumewe, karani wa ofisi ya jirani, aliwaambia wazazi wake: akiwa na kazi atakaa mjini, akikosa kazi atarudi nyumbani kulima. Dada huyo alinieleza mwenyewe, akicheka, lakini nilimwelewa. Kazi ikipotea, na mji umepotea.

Sasa asubuhi moja ya masika, ujumbe wa Mbeya ukaanza kuja takataka. Badala ya "tani" inaandika "xzni". Nikaomba simu, nikaunganishwa upesi kuliko kawaida, tukasalimiana, watoto wazima, tukaingia kazini. Nilikuwa na hasira tangu mashine ilipoanza, maana mkubwa wangu alikuwa amenidokeza kwamba jina langu limo katika orodha ya watakaopelekwa kusoma na kupandishwa cheo, na kwamba wakubwa wanaangalia mashine zangu zinakaaje. Nikasema ala, leo ndiyo imechagua kunitia aibu.

Tulianza na mwendo wa mota. Kulikuwa na uma wa chuma wa kupimia. Unaupiga, unatetema, unachungulia katikati ya meno yake alama nyeupe zilizo kwenye mota. Alama zikionekana zimesimama, mwendo ni sawa. Zikionekana zinarudi nyuma, mota inachelewa. "Zinarudi nyuma, shemeji," akasema. Nikamwelekeza azime, azungushe skrubu robo, awashe. Akawasha. Nikasikia mlio mdogo, kimya.

"Fyuzi imekatika," akasema.

"Weka nyingine."

"Za akiba zimekwisha. Nilikuandikia mwezi uliopita."

Kweli alikuwa ameniandikia. Karatasi yake ilikuwa mezani kwangu chini ya kikombe. Opereta akaingia katikati, dakika tatu, mnaendelea? Nikasema tunaendelea. Kisha nikamwambia dada wa watu atafute pakiti ya sigara, atoe ile karatasi ya kung'aa, aikunje, aizungushie fyuzi iliyokatika, airudishe.

"Shemeji, ulitufundisha tusifanye hivyo. Ulisema mota ikizidiwa hakuna cha kuizuia, itaungua."

"Nani fundi hapa, mimi au wewe?"

"Ni wewe."

"Basi fanya. Weka mkono kwenye swichi usiuondoe. Ukisikia harufu yoyote, zima. Mkono wako ndio fyuzi."

Maneno hayo ni yangu. Nayakumbuka yote, na niliyasema kwa sauti ya kumkaripia mtoto. Akaenda kuomba pakiti kwa mlinzi, akarudi, akafanya nilivyosema. Mota ikawaka. Nikaisikia kwenye simu, inapanda vizuri, nikafurahi. Nikamwambia apige uma achungulie.

Hapo nikasikia mlango. Nikasikia sauti ya yule mlinzi, mtu wa Singida, mchangamfu kupita kiasi: "Karibu mzee, pita, mkweo huyu hapa ndani." Halafu nikasikia kikohozi cha mzee, cha makusudi, kile cha mtu anayetaka kujulisha kwamba yupo.

Mtu wa kwingine asingeelewa. Mimi nilielewa palepale. Kwa Wanyakyusa walioshika mila, mke wa mtu hakutani na baba mkwe wake. Hamtazami, hakai naye chini ya dari moja, jina lake halitaji, hata neno linalofanana na jina lake halitamki. Si chuki, ni heshima, na ina uzito kuliko heshima nyingine zote. Mzee anakohoa njiani ili mkwe apate nafasi ya kupisha. Mke wangu mwenyewe, miaka yote tuliyokaa, baba yangu akitoka kijijini kuja Kihesa yeye alipita mlango wa nyuma na salamu akazituma kwa watoto. Baba yangu Mhehe mwanzoni alinung'unika, akauliza kama ananuka. Baadaye akamwambia kila mtu kwamba yule ndiye anayemheshimu kuliko watoto aliowazaa.

Chumba kile cha mashine Mbeya kilikuwa na mlango mmoja. Nilikuwa nakijua, ni mimi niliyekichagua. Nikasikia mkono wa simu ukiwekwa mezani, haukutupwa, ukawekwa taratibu. Nikasikia kiti kikianguka. Nikasikia dirisha likisukumwa, bawaba zake zilikuwa na kutu. Halafu nikabaki na mota peke yake, inapanda, inapanda, na mzee anamuuliza mlinzi kwa Kiswahili cha taabu, mbona ametoka, mimi nilimtafuta kijana wangu tu, mbona umenileta huku. Nikapiga kelele kwenye simu, zimeni, zimeni swichi. Nani anisikie? Nikasikia mzee akikohoa tena, safari hii kwa moshi. Kisha opereta akaingia kuniuliza kama naendelea.

Mota iliungua yote na waya zake. Ukuta ukaingia masizi. Mashine ikalala miezi.

Kamati ilikaa Iringa, watu watatu, mwenyekiti katoka makao makuu Dar es Salaam, wengine wawili wametoka kanda ya ziwa. Hapakuwa na mtu wa Mbeya hata mmoja. Mlinzi aliandika maelezo yake kwamba aliona moshi, akakimbia, akamkuta huyo dada yuko nje chini ya dirisha. Mzee hakumtaja, maana kumwingiza mgeni chumba cha mashine ni kosa la kufukuzwa kazi. Kwa hiyo mezani kulikuwa na mambo mawili: fyuzi yenye karatasi ya sigara, na mwanamke aliyetoka dirishani akaiacha mashine inawaka. Ukiyatazama hayo mawili bila la tatu, unamwona mtu aliyeharibu akatoroka.

Alikuja na basi, amevaa gauni la bluu na kitenge begani. Alinisalimia kwa adabu kabla hatujaingia, akaniuliza habari za mke wangu. Alikuwa ametulia. Nilishangaa alivyotulia.

Mwenyekiti akamuuliza, "Ndugu, kwa nini ulitoka dirishani?"

Akanitazama mimi. Si kwa kulalamika, alinitazama kama unavyomtazama mtu ambaye zamu yake imefika.

"Ndugu, nakuuliza tena. Mlango upo. Kwa nini dirishani?"

Akaendelea kunitazama. Wajumbe wawili wakatabasamu. Mwenyekiti akageuka kwangu. "Ndugu fundi, wewe ndiye uliyekuwa kwenye simu. Ulisikia nini?"

Nilikuwa na nafasi ya kusema mambo mawili. Kwamba mzee aliingia. Na kwamba karatasi ya sigara ni mimi. Nilijua nikilifungua la kwanza watauliza la pili, maana watataka maelezo ya dakika zile zote, na nikilisema la pili, safari ya kusoma imekwisha na pengine kazi nayo. Nikamjibu, "Nilisikia mkono wa simu ukiwekwa mezani, Ndugu Mwenyekiti. Halafu nikasikia mashine inaungua."

"Na hii karatasi ya sigara?"

"Kanuni inakataza, Ndugu Mwenyekiti."

Hakuna neno la uongo hapo. Likague utakavyo. Kwa miaka mingi nilijipoza na hilo, kwamba sikusema uongo hata mmoja mbele ya kamati ile, kama mtu aliyeiba mbuzi akajivunia kwamba hakuiba kamba.

Yeye aliinamisha uso. Akaulizwa kama ana la kuongeza. Akasema, "Nilielekezwa." Akaulizwa alielekezwa na nani, kwa maandishi gani. Hapakuwa na maandishi. Simu ya mezani, niliyoipigania mimi kwa ripoti ndefu. Akasema basi, hana la kuongeza. Wakamwachisha kazi siku hiyohiyo, akatia sahihi, akatoka kwa mlango.

Jioni nilikula nyumbani Kihesa na nikafanya jambo la kipumbavu. Nilimsimulia mke wangu kama kichekesho. Nadhani nilitaka kusikia mtu akicheka ili nami niamini kwamba ni jambo la kuchekesha. Nikamwambia kuna mpiga mashine wetu wa Mbeya, mtu wa kwenu, kaacha mlango kachupa dirishani.

Hakucheka. Alikuwa anamega ugali, akaacha. "Nani alikuwa mlangoni?"

"Mzee mmoja tu."

"Mzee wa nani?"

Nikaendelea kumega ugali. Akanawa mikono. "Na wewe ulikuwa kwenye simu, ukasikia," akasema. Hakuwa anauliza. "Ukawaambia?"

Nikamwambia mambo ya ofisi yana taratibu zake. Nikamwambia mila zenu hizi zitawaponza. Nilisema na mengine ya kujitetea, mtu akishikwa na aibu hana breki. Mke wangu alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Mwenzangu hawezi kumtaja. Hata wakimchoma moto hawezi. Wewe una kinywa." Akatoa vyombo. Hakunilaumu tena baada ya hapo, si siku ile wala siku nyingine, na ingekuwa nafuu kwangu kama angenilaumu kila siku.

Mwaka ukapita. Mota mpya ikafika, nikapewa kibali cha kwenda Mbeya kuifunga. Kabla sijaondoka niliandika barua kwa wakubwa, kurasa mbili, nikaeleza yote, mzee, mlinzi, karatasi ya sigara. Niliitia mfukoni. Nilijiambia nitampelekea yeye kwanza aisome, ndipo niitume. Hata hapo, ukinichunguza, nilikuwa natafuta mtu wa kunishika mkono.

Mpiga teleprinta mpya, kijana wa kiume mpole, alinielekeza. Dada yule alikuwa amesharudi Rungwe, kwenye boma la mkwe wake. Nikamaliza mashine, nikapanda basi la Tukuyu, nikauliza njia katikati ya migomba mpaka nikafika.

Aliyenipokea ni mzee mwenyewe. Kikohozi chake nilikitambua kabla sijamwona sawasawa. Alikuwa mzee mwembamba, msafi, akanikaribisha kiti, akaniuliza habari za Iringa, mvua, bei ya mahindi. Nilipomwambia nilifanya kazi na mkwe wake akafurahi sana. "Alikuwa mtu wa mashine huyo," akasema. "Aliacha mwenyewe kazi ya serikali akaja kutusaidia shamba. Wakwe wa siku hizi wangapi wangefanya hivyo?" Akanieleza kwamba siku moja alimkosea mkwe wake huko mjini, alipelekwa na mtu asiyejua akamkuta chumbani, na mpaka leo akikumbuka anaona haya. Lakini mkwe alimtumia salamu kwamba hakuna lililoharibika.

Mzee akainuka, akachukua fimbo, akakohoa mara mbili kuelekea jikoni, akashuka shambani, ili mwenye mgeni apate kutoka.

Akatoka. Alikuwa amekonda kidogo, mikono ina utomvu mweusi wa ndizi. Akapiga magoti nusu kunisalimia kama wafanyavyo kwao, akaniita shemeji. Akaleta ndizi za kupikwa na maziwa ya mgando. Nikampa barua kabla sijala. Akaisoma yote, taratibu, midomo ikitembea kidogo kama alivyokuwa akisoma ujumbe wa mashine.

"Ulisikia kila kitu," akasema.

"Nilisikia."

"Nilijua. Simu niliiweka wazi makusudi, nikaielekeza mlangoni. Nikasema shemeji atasikia, yeye mke wake ni wetu, atajua." Akaikunja barua. "Mume wangu alitaka aje Iringa aseme mbele ya kamati. Nikamkataza. Nikamwambia usimburuze baba yako kwenye maofisi, shemeji atakuwepo. Sikuwa na wasiwasi kabisa siku ile. Ulipofungua mdomo ndipo nilipoogopa."

Nikamwomba radhi. Yalitoka maneno machache na mabovu. Akayapokea kwa kichwa. Kisha akasema barua hiyo nisiitume.

Sasa nitaandika jambo ambalo kwangu ni aibu kuliko kamati. Aliposema nisiitume, moyo wangu ulipoa. Nilisikia raha mwilini. Nilikuwa nimekuja kuungama, na nilipoambiwa usiungame nikataka kumshukuru.

"Humu umemwandika baba," akasema. "Wakisoma hii watamwita. Atajua mimi nilifukuzwa kwa sababu yake, na yeye anaamini niliacha mwenyewe. Hatapona huyo. La baba liache." Akanirudishia barua mkononi. "Lakini la karatasi ya sigara, shemeji, hilo baba hayumo. Hilo ni lako peke yako. Andika hilo tu. Wakijua niliamriwa, watanirudisha. Nilisikia huyo kijana wa sasa ni wa muda."

Hakupandisha sauti. Alinieleza kama alivyokuwa akinieleza mota inavyolia, hatua kwa hatua, mpaka hitilafu inaonekana yenyewe. Na hitilafu ilikuwa mimi.

Nikamwambia nitaandika. Nilimwambia nikifika Iringa tu, kesho kutwa barua iko mezani kwa mkubwa. Akafurahi, akacheka kwa mara ya kwanza, akanifungia mkungu wa ndizi nimpelekee mke wangu. "Nitasubiri," akasema. "Nikishuka Mbeya gulioni nitakuwa napita ofisini kuuliza."

Nilifika Iringa nikakuta jina langu limetoka. Safari ya masomo, miezi tisa, na cheo nikirudi. Nikasema nitaandika wiki ijayo. Mke wangu alipokea ndizi, akaniuliza yule dada anaendeleaje, nikamwambia anaendelea vizuri, ameshasamehe. Hilo sasa lilikuwa uongo mtupu, bila hata ufundi.

Ilikuwa kama mwezi hivi baadaye. Nilikuwa nimekaa mbele ya teleprinta yangu napokea orodha ya malori kutoka Mbeya, mashine inapiga safi, tani na namba za ghala. Orodha ikaisha. Nikadhani kijana wa Mbeya ameondoka. Kisha mashine ikaanza tena, herufi moja moja, polepole, kama mtu anayeandika huku anasomewa: YULE DADA YUKO HAPA MLANGONI. ANAULIZA BARUA IMEFIKA?

Nilikaa nikaitazama. Kengele ya mashine ikalia kuniita nijibu. Nikaandika, BADO.

Aliuliza mara tatu kabla sijasafiri. Mara zote tatu nilijibu neno hilohilo, na karatasi zake zilitunzwa faili moja na za mbolea.